Moja ya Kumi na Tano

Katika baa ya Kazembe, Katuba, taa ni mbili:
nyeupe moja juu ya makreti, ya kuhesabia pesa,
na ile Feza aliyoipaka rangi ya kucha
ili jukwaa liwe jekundu. Ikipata moto inanuka,
na ufikapo wimbo wa tatu
baa nzima ina harufu ya saluni.

Watu huniuliza kwa nini situmii flashi.
Niliitumia mara moja, mwaka wa kwanza.
Mpiga ngoma alipoteza pigo,
wachezaji wakasimama kama waliokamatwa na askari,
na mke wa mtu akaonekana alipokaa.
Kazembe alinitoa nje kwa ukosi wa shati.
Tangu hapo naomba mwanga
kama anayeomba chumvi kwa jirani:
kidogo, na kwa adabu.

Lenzi naifungua yote.
Mgongo kwenye nguzo, viwiko mbavuni,
pumzi naitoa nusu, nusu naizuia.
Moja ya kumi na tano ya sekunde:
hujamaliza kuitamka, imepita mara ishirini,
na ndani yake kidole cha Monga
kimevuka nyuzi tatu na kurudi.

Mwimbaji ni rahisi. Feza hutulia
mwisho wa neno refu, mdomo wazi, macho kafumba;
hapo hata kamera ya deni humpata.
Yangu ni ya deni.
Mpiga besi ndiye nguzo ya pili ya baa.
Monga, hapana.

Monga alipiga gitaa kama mtu anayetafuta ufunguo
mifukoni mwote, mvua ikimnyeshea.
Kichwa huku, bega kule, goti likijibizana na ngoma.
Miezi minane nilimwinda, Ijumaa kwa Ijumaa.
Nilipata gitaa, safi, hata mikwaruzo yake,
na juu yake moshi uliovaa shati.
Nilipata mikono sita.
Nilipata meno peke yake, yakining'inia gizani.
Nyingi nilizifuta usiku uleule
kadi ipate nafasi ya harusi ya Jumamosi,
maana harusi ndizo zinazonunua unga.

Februari akaenda Kolwezi kuchimba.
Alisema atarudi na amplifaya yake mwenyewe.
Ya shimoni sitayasimulia.
Mvua, udongo, siku ya pili.

Mama yake alinifuata Kamalondo,
viatu mkononi kwa sababu ya tope.
"Picha hatuna. Ya kadi ya kura imefutika,
uso umebaki kama sahani iliyooshwa.
Wanasema wewe ulikuwa unampiga kila Ijumaa."
Aliitaka ya kuweka juu ya sanduku.

Nilifungua kompyuta kwa haya.
Feza anaonekana. Mpiga besi anaonekana.
Nguzo inaonekana, na chupa za Simba,
herufi zake zinasomeka moja moja.
Nikaanza kujitetea: mwanga, Mama, mwanga ulikuwa haba,
tazama chembe hizi, kama unga wa bukari kwenye chekecheo,
kasi nayo...

Akaweka kidole kwenye kioo,
palepale, juu ya moshi wenye shati.
"Huyu hapa."
Kisha, baada ya muda, kama anayemlaumu mtoto:
"Hata tumboni hakutulia.
Ubavu wa kushoto sikuulalia miezi yote.
Nichapie hii. Kubwa."

Nikachapa. Alilipa wino tu.
Matangani mjomba kutoka Likasi alinung'unika:
sura iko wapi, tumzike nani?
Lakini watu wa Ijumaa, walipofika mbele ya sanduku
na kuinua macho,
mabega yao yalianza,
kidogo, kushoto kisha kulia,
kabla hawajakumbuka walipo.

Hiyo sikuipiga.
Ilikuwa saa saba mchana, mwanga tele,
na kamera ilikuwa shingoni.